Mtoto wa Odette Darasani

Kigali

Dada yangu Wambui,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Baridi ya Molo inawafanyaje? Na Mama, magoti yake yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nimewakumbuka sana. Hata lile vumbi la viazi mkivichagua uani nalikumbuka.

Kazi ni ile ile, kufundisha mafundi wa pikipiki za petroli kutengeneza za umeme kabla hazijafika makwao na kuwaacha bila kazi. Wametoka Uganda, Burundi na hapa Rwanda. Mmoja wao, Odette wa Burundi, siku moja alikuja na mtoto wake mchanga mgongoni, kwa sababu msichana wa kumwangalia alikuwa ameugua.

Mkubwa wetu akamwambia, "Hapa si mahali pa watoto. Mpeleke nyumbani ama uache masomo."

Odette akanigeukia. "Mwalimu, nikirudi sasa, kule gereji watasema walijua mwanamke hataweza."

Nikamwambia, "Nipe huyo mtoto."

Nikamfunga mgongoni kwa leso, nikaendelea kufundisha mambo ya betri. Mkubwa akarudi, akasimama mlangoni.

"Sasa umekuwa yaya?"

"Mpaka mama yake afanye mtihani," nikasema.

Akaenda zake. Wiki nzima nilingoja kufutwa kazi, lakini barua haikuja.

Ijumaa, siku ya mtihani, mtoto akiwa bado mgongoni kwangu, Odette alipewa pikipiki iliyokufa, akaitengeneza mpaka ikawaka. Darasa likapiga makofi. Alipomchukua mtoto wake, mgongo wangu ulibaki na joto lake. Niliingia stoo nikalia. Nyokabi wangu nilikuachia akitambaa, na sasa unaniambia anakimbia.

Kwa hivyo mkubwa alipotaka niongeze mwaka, nilikataa. Nasikia watafungua darasa kama hili Nakuru, na nimeomba nafasi. Bado hawajanijibu. Hata wakininyima, darasa hili likiisha nakuja.

Nisalimie Mama, na shemeji akirudi kutoka kupakia lori, na yule jirani anayetuuzia maziwa.

Kuna jambo moja lilinishinda kusema kwa simu. Jumapili Nyokabi alipokuita mama, nilisikia ukimwambia, "Mimi ni anti. Mama ni huyu kwa simu." Usimkanye tena, dada. Wewe ndiye unayeamka akikohoa. Akikuita mama, itika. Mimi nikifika, nitaanza kwa kumwambia jina langu.

Mdogo wako akupendaye,
Wangari