Jani la Isale Mlangoni Petu

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa herufi zile nilizojifunza misheni, ulikokuwa ukinipeleka asubuhi ukitoka zamu ya usiku, macho mekundu, rungu begani. Wenzangu waliwaona baba zao jioni tu. Mimi nilikuwa na baba wa asubuhi, na niliringa.

Hayo tuliyapata kwa kazi yako ya kulinda ghala la boma la Wajerumani pale Arusha. Wiki moja mchana, wiki moja usiku, kila zamu saa kumi na mbili nzima. Wiki ya usiku ulikuwa wetu. Ukiamka alasiri uliketi nami jikoni ukimenya ndizi, kazi ambayo wanaume wa kwetu hawakubali kuonekana wakiifanya, huku unanisikiliza nikisoma. Nashukuru sana kwa alasiri zile, baba.

Lakini nisiseme uongo, zamu zilitudai pia. Bibi alipofariki, msimamizi alikunyima ruhusa. Mama yako akazikwa wewe umesimama mlangoni pa ghala. Baba mkubwa, kaka yako wa pekee, akaacha kukusalimu. Miaka mitatu mlilima mashamba yanayopakana bila neno.

Na majirani je? Mwanamume anayelala mchana, kwetu Meru, ni mgonjwa. Walikuja na vibuyu vya loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa ya mgando, wakakuamsha ili wakupe pole. Ulikunywa, ukashukuru, ukaenda zamu unasinzia. Mama akachoka. Siku moja akakata jani la isale, akalifunga mlangoni.

"Isale ni amani," alisema. "Watamwacha alale."

Anasema mpaka leo kwamba alisahau. Isale hilohilo ndilo tunaloombea msamaha, na hakuna Mmeru anayelipita bila kusamehe akishaelewa kwamba limewekwa kwa ajili yake. Mchana ule baba mkubwa alisimama uani kwetu, analitazama.

"Baba yako ameliweka lini hili?"

"Leo, baba mkubwa." Nilitaka kuongeza kwamba ni la usingizi tu, mama akanifinya.

Akaingia chumbani, akakuamsha. "Umechelewa, mdogo wangu," alisema, "lakini nimeliona."

Ukamtazama, kisha ukatazama mlango. Nilijua umeelewa kosa la mama. Ungeweza kucheka, ukamweleza, mambo yakabaki yalivyokuwa.

"Nisamehe, kaka," ukasema. "Siku ile ilinipasa nitupe rungu nije kumzika mama."

Mkalia, watu wazima wawili, mkashikana mikono mpaka jua likageuka. Ukaenda zamu hujalala hata kidogo, unapiga mluzi njia nzima.

Sasa ni mvua ya pili tangu ututoke. Baba mkubwa ndiye anayetulimia. Juzi, tukipalilia, aliniambia, "Baba yako alinizidi utu. Mimi nilikuwa mkubwa, lakini yeye ndiye aliyeanza." Mama akanifinya tena, bure tu, maana sikuwa na nia ya kusema. Kwani si kweli? Jani lilikuwa la mama, lakini maneno yalikuwa yako.

Jana baba mkubwa amepanda isale kichwani pa kaburi lako, kwa mikono yake. Nimekaa karibu nalo ninapoandika haya. Zamu zimekwisha, baba, na hakuna atakayekuja kukuamsha. Safari hii ni la usingizi.

Ni mimi,
binti yako wa asubuhi