Gari la baba limewaka

Shoga, nimeishiwa nguvu. Lile gari la marehemu baba, kaka ameliunguza!

Si alikataa fundi? Kabadilisha swichi ya ufunguo mwenyewe, nyaya kaunga kwa solotepu. Nikamwambia, "Kaka, hizi nyaya zinachemka." Akanijibu, "Kwani wewe ni fundi?" Eti yeye ndiye fundi!

Leo ndiyo alikuwa ampeleke mama kumwona dada yake aliye mahututi. Kazungusha ufunguo, kimya. Kazungusha tena, moshi ukafuka chini ya usukani, mara moto! Akaruka nje. Majirani wakapiga kelele, "Limewaka! Limewaka!"

Shoga, mama akasikia.

Akatoka na mkoba kwapani, viatu vya kutokea miguuni, uso umechanua. "Limewaka, mwanangu?"

Kaka hakuweza kumtazama. "Limewaka, mama."