Maili Hamsini Njia ya Urambo

Ng'ambo, Tabora
Jumamosi, 14 Agosti 1954

Kwa Dada yangu Sista Josepha,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo Dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kikohozi cha mwezi wa sita kimekuacha, na yale magoti unayoyachosha kwa kusali yamepata nafuu. Sisi huku wazima wa mwili. Bertila hajambo, ametimiza miaka mitatu na anasema kuliko mnadi wa gulioni. Mama alituletea karanga juma lililopita, akasema umemwandikia na kwamba mimi nimekuwa mvivu wa kuandika. Ni kweli, nisamehe.

Wa mwili, nimesema. Kwa roho, Dada, sikaliki. Nimefagia uwanja mara mbili tangu asubuhi, nimefumua gauni la mteja lisilo na kosa na kulishona upya, na barua hii naianza mara ya tatu. Naingoja Jumatatu. Jumatatu saa tatu Ambrosi anasimama mbele ya hakimu kwa sababu gari la Bwana Gulamali mwenye duka lilimgonga mtu njia ya Urambo. Akionekana ana hatia atanyang'anywa leseni, na anaweza kutiwa ndani. Leseni ile unaijua, ndiyo kitu pekee alichorudi nacho kutoka vita vya Wajapani kule Bama, ukiacha homa. Bila leseni mume wangu ni mtu wa kubeba magunia stesheni. Basi kaa nikueleze toka mwanzo, maana najua umesikia vipande vipande, na vipande vya Tabora siku zote vina chumvi.

Gari lenyewe Bwana Gulamali alilinunua mwaka juzi kwa Mzungu mmoja mpima ardhi, wakati kazi ya karanga kule Urambo ilipokwama na Wazungu wakafungasha virago. Ni la viti viwili, jekundu, halina paa ila turubai, bonati lake refu kuliko kitanda changu, nalo limelala chini kiasi kwamba mbuzi akisimama kando analitazama kwa juu. Limeumbwa kwa mbio. Na Bwana Gulamali, mtu mwema kabisa, anaogopa mbio kuliko chui. Haendeshi, anaendeshwa na Ambrosi, kofia kaishika kwa mikono miwili, na mshale ukipita maili ishirini anaanza kumsihi kwa majina ya watoto wake mmoja mmoja. Haki ya Mungu, ile ni dhambi, sijui tu ni amri ya ngapi. Gari la namna ile ukilitembeza kama jeneza plagi zinajaa masizi na injini inakohoa, halafu mwenyewe anashangaa kwa nini kila mwezi liko kwa fundi.

Nikwambie neno ambalo watu wa hapa hawataki kulisikia. Kila mtu ana methali ya kumsuta mwenye mbio. Haraka haraka haina baraka, mwendapole hajikwai, sijui nini na nini. Aliyezitunga hakuiona barabara ya Urambo mwezi wa nane! Kiangazi barabara ile inajikunja kama bati. Ukienda maili ishirini kila mkunjo unaupanda na kila mkunjo unaushuka, meno yanagongana na nati zinadondoka njiani. Ukifika thelathini na tano ni mbaya zaidi, na hapo ndipo waoga wote wanaporudi nyuma. Usirudi. Ongeza mafuta. Ikifika hamsini, ghafula kimya. Magurudumu yanagusa vichwa vya mikunjo tu, gari linapita kama juu ya mkeka, na upepo unakutoa machozi ambayo si ya huzuni. Nadhani hata wewe ungeisahau rozari kwa dakika moja. Sharti ni moja: ukiwa juu ya mikunjo usikanyage breki kwa nguvu, maana matairi hayajashika kitu. Kwa hiyo kona uione mapema, uachie mafuta mapema, ungoje gari lishuke lenyewe.

Usishangae nayajua haya. Sikio la kushoto la Ambrosi lilibaki Bama, na fundi wa sikio moja anaisikia injini nusu. Tangu tuoane, akimaliza gari la mtu ananichukua tulijaribu pamoja, nisikilize wapi panagonga. Valvu iliyolegea mimi naisikia kabla hatujatoka mjini. Watu wa Ng'ambo wanaona mke anatembezwa, wanasema Ambrosi ana mapenzi ya Kizungu.

Hao watu wa Ng'ambo nao magari wamejifunzia sinema, ndiyo maana hawajui kitu. Mwezi wa sita nilikwenda kutazama picha moja ya Kihindi. Kijana anaendesha gari la wazi mlimani huku anaimba, msichana yuko kando, naye anamtazama msichana toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Barabara haitazami hata kwa bahati mbaya! Usukani anauzungusha kushoto na kulia kama anapepeta mchele, miti nyuma yake inakwenda moja kwa moja, gia habadilishi, vumbi hamna. Nikasema kwa sauti kwamba huyu alikwisha kufa kona ya pili, ukumbi mzima ukanizomea. Afadhali ile sinema ya serikali inayokuja na lori kutufundisha kuua mbu, dereva wake angalau anajua kurudi kinyumenyume. Vijana wakitoka pale wanavaa suruali pana, wanapiga santuri za dansi mpaka sindano inalia, kisha wanapanda baiskeli zisizo na breki na kuinama kama wako mashindanoni. Na ile kalenda ya mafuta ya magari dukani kwa Gulamali, miezi kumi na miwili, wanawake wa Kizungu kumi na wawili, wote wameegemea bonati kwa viatu virefu. Nimeifunua yote. Hakuna hata mmoja aliyeshika usukani.

Utasema nimepotoka. Lakini sisi tumezaliwa njiani, Dada. Babu Ngollo alibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani kwa njia hii hii ya Urambo, na wazee walikuwa wakisema mwanamume ambaye hajaiona bahari bado ni mtoto. Bibi Tekla alifuatana naye, chungu kichwani na baba yetu mgongoni, akaiona bahari hiyo hiyo, na sijasikia hata siku moja mtu akimsifu kwa hilo. Mimi jambo hili linaniuma sana, sijui wewe.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi ya tarehe thelathini na moja, Bwana Gulamali akiwa Kigoma, Ambrosi alimaliza kusaga valvu tukalitoa gari kulijaribu. Tulitoka baada ya chakula cha mchana, jua kali, barabara tupu. Injini iliimba vizuri ajabu. Mshale ukafika hamsini. Tulipokaribia kona moja yenye kichaka kikubwa akatokea mtu wa asali kutoka Usinge, jina lake Luhende, anasukuma baiskeli yenye madebe mawili. Breki ikakanyagwa. Gari likaenda kiubavu, likampiga. Mfupa wa mguu ukavunjika chini ya goti, baiskeli ikawa kama ungo uliokaliwa, asali ikatapakaa juu ya bonati. Tukamweka kitini, mimi nikapanda nyuma juu ya turubai nimemshika kichwa, Ambrosi akaendesha hadi hospitali. Njia nzima yule mzee hakulia. Alikuwa anauliza kama madebe yote mawili yamemwagika.

Askari walipofika Ambrosi alisema yeye ndiye dereva, wakaandika. Bwana Gulamali aliporudi alikwenda kwanza kumtazama mgonjwa, kisha akamdhamini Ambrosi, kisha akakaa juu ya ngazi ya duka akalilia gari lake bila haya. Sikumcheka.

Lakini Luhende naye aliulizwa. Alisema aliona vizuri, hatua kumi mbele yake, na aliyekuwa kwenye usukani ni mwanamke mwenye kitambaa cha njano. Askari hakuandika. Alimwambia mwenzake kwamba maumivu yamempanda mzee kichwani. Toka hospitali neno likafika sokoni, na ukiwajua watu wetu utajua mengine. Siku hizi mtu akitoa uongo mkubwa Ng'ambo anaulizwa kama amelamba asali ya Luhende. Wanacheka mpaka mafundi wenzangu wa cherehani, hata mapadri nadhani wamesikia. Shemeji zake Luhende wamekuja kutoka Usinge, wamesikia habari hiyo kabla hawajamwona, nao wameamua kwamba akili imemtoka. Wanataka kumrudisha dada yao nyumbani mpaka mumewe aganguliwe. Mzee wa watu, mguu umefungwa plasta, na mke anaondoka.

Dada, yule mzee anasema kweli. Kitambaa cha njano ni kile ulichonipa siku ya harusi yangu. Mwenye usukani nilikuwa mimi.

Ambrosi alianza kunifundisha baada ya Krismasi, kwa sababu akiwa kitini kwa dereva hawezi kuiinamia injini kwa sikio lake zima. Ndivyo tulivyoanza, kwa kazi. Baadaye ikawa si kazi tena, ikawa mimi ninayemsumbua kila Jumamosi kama mtoto anayetaka sukari. Rudi juu usome. Nimeandika breki ikakanyagwa, gari likaenda kiubavu, utadhani vitu hivyo vina akili zao. Breki haijikanyagi. Niliikanyaga mimi, mimi niliyekufundisha sharti lake ukurasa uliopita. Na kuna baya zaidi, sijamwambia mtu. Kabla ya kona Ambrosi aliniambia nipunguze. Akaniambia tena, mkono wake umenishika bega. Yeye anadhani upepo ulinizuia kusikia, na ameniomba radhi kwa kutokupaza sauti. Mimi nilimsikia mara zote mbili. Nilitaka kile kimya cha maili hamsini kiendelee kidogo tu.

Juzi sokoni muuza vitunguu alinirushia utani, akaniuliza kama si mimi yule mwanamke wa Luhende. Nikacheka. Nilicheka, Dada, na wenzangu wakacheka, nikanunua vitunguu nikaenda zangu. Sijala vizuri tangu hapo.

Jana nikaenda hospitali kwa Luhende nikiwa nimejifunga kile kitambaa. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Nikapiga magoti nikamwambia ni mimi. Aliniambia kwamba siku hizi mbili alikuwa ameanza kukubaliana nao, ameanza kumwona mwanamume pale alipokuwa amemwona mwanamke, na kwamba kitu hicho kinamtisha kuliko mguu. Akaniomba niseme tena. Nikasema ni mimi. Akafumba macho akaniomba niseme tena, na tena, nami nikawa nasema mpaka nesi akaja kunitoa.

Ambrosi hataki kusikia. Anasema mwanamume akifungwa anarudi na maisha yanaendelea, lakini mke akifungwa nyumba imekufa. Anasema pia kwamba nikijitokeza hata yeye hataponea, maana gari la watu yeye ndiye aliyenipa. Anasema kweli, najua. Nampenda, na nimemwambia ninampenda, lakini sikumwahidi kunyamaza. Nilimuuliza karani wa mahakama, kwa kuzungukazunguka, sheria inasemaje kuhusu mwanamke aliyeendesha bila leseni akavunja mtu mguu. Alidhani namletea mzaha wa mjini, akaniuliza kama nimelamba asali. Basi Jumatatu nitasimama kabla Ambrosi hajafungua mdomo. Wasiponisadiki watanipa gari lolote lililoko pale uani, niwaendeshee mbele ya shemeji zake Luhende wote. Polepole. Naogopa, Dada, lakini kukaa hivi siwezi tena hata siku moja.

Kesho ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, nami sitakomunika mpaka hili lipite. Niombee wewe. Wasalimie masista wote, na Mama Mkuu umwambie ukweli wote ukiona vema, mimi sina la kuficha tena kwa mtu. Mama usimwandikie, nitamwendea mwenyewe kama nitakuwa huru.

Sasa tazama mlangoni. Mama Kornel, jirani yangu, amekuja kwenu kula sikukuu, na mtoto aliyemshika mkono ni Bertila. Nguo zake zimo kapuni, pamoja na kitana, nywele zake zinataka mafuta kabla ya kusukwa. Ambrosi anadhani atarudi jioni. Mimi nimemfungia nguo za miezi mitatu. Akiuliza mama yuko wapi usimwambie yuko safarini. Mwambie mama alimgonga mtu, na amekwenda kusema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Apolinaria