Unga wa Mwisho Chupani

Atupele mjukuu wangu, ndaga, asante sana, kwa barua yako. Hapa Ipyana mpunga umechanua, na bibi yako amerudi salama kutoka Malawi kwa dada yake.

Unauliza mfanyeje, maana unga wa jiwe wenye vipimo vinavyojulikana, mnaohakikishia kama mashine ya maabara inapima sawa, unakaribia kwisha. Miaka ile ya soko huria, nikiwa maabara, nami niliishiwa. Nikasaga jiwe zuri la kutoka Ngana liwe unga mpya. Lakini chupa ya zamani nilishaikung'uta yote, sikuwa na cha kulilinganishia. Bibi yako alinicheka. Yeye hamalizi mtindi kibuyuni; hubakiza wa kugandishia maziwa mapya.

Pimeni unga mpya pamoja na wa zamani, wakati ungali upo. Nawe njoo Krismasi hii, mama. Babu yako naye amebaki kidogo.