Paka Aliyevushwa Mto

Mlabani, Ifakara

Dada yangu mpendwa Ostakia,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo sana. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Songea? Mahindi mmeshapukuchua? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, joto tu ndilo linatupika. Ningekupigia simu, lakini habari yenyewe ni ndefu, na wewe ukianza kucheka kwenye simu mimi sisikii tena kitu.

Ni habari ya paka wetu, yule tuliyempa jina Bwana Afya kwa sababu anaingia nyumba za watu bila hodi kukagua vyungu. Kwa kweli nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili yake. Mpunga wa mbegu tunauweka chumbani, viroba vinafika hadi kichwani pa kitanda, na panya wa bonde hili hawana dini. Bwana Afya alipoanza kulala juu ya viroba, wakahama.

Sasa zamu ya jumuiya kusali nyumbani ikafika kwetu. Nikakaanga kambale, nikawafunika kwa ungo. Tuko katikati ya rozari, macho tumefumba, nasikia watoto wamebanwa na kicheko. Kufumbua, Bwana Afya huyo anapita mbele ya sanamu ya Mama Maria, anarudi kinyumenyume, anaburuta kambale mkubwa kuliko wote! Mama mwenyekiti hakuacha kusali, lakini sauti yake ilitetemeka kama ya mtu anayeendesha baiskeli kwenye matuta.

Mume wangu, Baba Beno, aliona aibu ya kufa. "Huyu namvusha mto," akasema. "Paka akivushwa maji ndani ya kiroba hajui kurudi." Kesho yake akamfunga kwenye baiskeli, akavuka daraja, akampelekea Komba kule Lupiro. Huyo Komba ni Mngoni mwenzetu, mimi namwita kaka. Lakini kwa Baba Beno, Mpogoro, ni mtani.

Wiki haikuisha, panya wakarudi na ukoo wao wote. Wakatoboa kiroba cha chini, wakapanda cha juu, na mvua za kupandia ziko njiani. Mbegu ikiisha, Dada, mwaka huu tunapanda nini? Nikamwomba Mtakatifu Antoni, msaidizi wa kutafuta vitu vilivyopotea, ingawa paka wetu hakupotea, alipotezwa. Baba Beno akajifanya hasikii. Hadi Jumapili. Alipoinuka kwenda kupokea Komunyo, kanisa zima tuliona: panya wamemtobolea suruali ya kwaya, palepale pa kukalia.

Siku hiyohiyo akapanda baiskeli hadi Lupiro.

"Mtani, nimemfuata paka."

"Paka gani?" Komba akamwambia. "Huyu sasa ni Mngoni. Ninyi Wapogoro mnatoa kwa mkono huu mnapokonya kwa huu?"

"Komba, mbegu inaliwa!"

"Basi mwamkie. Umemfukuza mzee wa watu ndani ya kiroba kama mkaa. Sema 'Shikamoo, Bwana Afya', uondoke naye."

"Nimwamkie paka? Mimi, mwenye wajukuu?"

Akarudi mikono mitupu. Na kukasirika hawezi, maana mtani hanuniwi. Akaninunia mimi.

Nikaona hapa tutakufa njaa kwa ajili ya salamu. Nikampigia Komba. "Kaka," nikamwambia, "utani ni wenu, lakini njaa itakuwa yangu." "Nitamleta mwenyewe, dada," akasema. "Ila shikamoo yake siisamehe."

Akaja kweli, tena siku jumuiya inasali kwa jirani, watu ndio wanatoka. Paka ametoa kichwa kwenye kikapu kama mgeni rasmi. Komba akamshusha mlangoni kwetu, akamshika shingoni.

"Mtani, mzee anasubiri."

Wanawake wakapiga vigelegele. Baba Beno akanitazama. Mimi nikatazama dirisha la chumbani, kwenye mbegu. Akavua kofia.

"Shikamoo, Bwana Afya."

Paka akampita miguuni bila hata kumtazama, akaingia chumbani moja kwa moja. Tukasikia kishindo, halafu mlio mmoja wa panya.

"Marahaba ndiyo hiyo, mtani," Komba akasema, na mama mwenyekiti ilibidi akae chini kwa kicheko.

Mbegu iliyobaki itatutosha, Mungu ni mwema. Nisalimie sana shemeji, na mama mkwe wako, mwambie namkumbuka kila ninaposali. Mbusu mpwa wangu aliyepata kipaimara. Baba Beno naye anakusalimia. Ameniomba nisikuandikie mambo ya shikamoo, kwa hiyo ukijibu, jifanye hujui.

Tafadhali nijibu mapema, Dada.

Mdogo wako akupendaye,
Skola