Baba Anataka Gari Linalojipaki Lenyewe

Mpendwa Shangazi Kuruthumu,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba usiandike jina langu wala la duka letu, kwa sababu Kasulu kila mtu anamjua mwenzake na baba yangu ni mtu anayeheshimiwa, na mimi mwenyewe si mtu wa kusema mbele za watu, hata darasani mwalimu alikuwa ananiambia nirudie jibu mara tatu mpaka wenzangu wanacheka, ndiyo maana nimeona afadhali niandike.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo namsaidia baba dukani. Mbele ya duka kuna mtaro wa maji ya mvua, kina chake kinafika kiunoni kwangu, na juu yake kuna daraja la zege ambalo upana wake unazidi gari kidogo tu. Baba akija na mzigo hurudi nyuma juu ya hilo zege mpaka mlangoni, na kazi yangu ni kusimama nyuma na kugonga bodi ya gari kwa kiganja kama wanavyofanya wote hapa kwetu, ukigonga mara moja maana yake aendelee kuja, ukigonga mara mbili za haraka maana yake asimame. Kazi yenyewe haihitaji maneno, kwa hiyo niliipenda.

Mwezi wa pili baba alikuwa anarudi nyuma na mimi nikaona anakwenda upande wa kushoto, pale anapouzia dagaa bibi mmoja anayeitwa Niyomwungere. Niligonga mara mbili, nikagonga tena mara mbili kwa nguvu mpaka kiganja kikauma, lakini gari halikusimama, likabomoa meza ya bibi, dagaa wakamwagika mtaroni, na bibi mwenyewe akaanguka akachubuka goti. Baba alishuka, na wateja walikuwa wamejaa, na watu wa bodaboda wa pale jirani walikuwa wamesimama kutazama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu nimemweka agonge, yeye amesimama tu kama mlingoti." Watu wakacheka. Tangu siku hiyo wale vijana wa bodaboda hawaniiti kwa jina langu, wananiambia, "Mlingoti, leo unamwongoza nani?" na mmoja hujifanya anarudi nyuma na pikipiki yake huku anapiga kelele njoo njoo njoo, halafu anajiangusha, na wenzake wanashika mbavu.

Shangazi, kilichoniuma zaidi si hao. Siku ya tatu nilikwenda kumsaidia Bibi Niyomwungere kupanga dagaa kwenye meza mpya ambayo baba alimnunulia, akaniangalia sana, akaniambia polepole, "Ego, ndiyo mwanangu, nilisikia. Uligonga mara mbili, ukagonga tena. Lakini mimi nakaa mbele ya duka la baba yako, ningesema nini?" Nililia palepale, sijui kama ni kwa furaha kwamba sijawa mwendawazimu au kwa hasira kwamba alijua na akanyamaza.

Na kumbe baba naye alikuwa anajua. Siku hiyohiyo ya tatu, baada ya swala ya alasiri, aliniita stoo akafunga mlango, akaniambia jicho lake la kushoto limeingia ukungu tangu mfungo wa mwaka jana, kila mwezi unazidi, na kwamba alinisikia nikigonga lakini alitazama kioo cha kushoto akaona pako wazi, akaamini jicho lake. Hakuniomba radhi. Alisema, "Nilivyosema pale nje ni ili watu wasijue, wewe ni mtoto watasahau." Kisha akanishika mkono akaniapisha kwa Mungu nisimwambie mtu, hasa mama, kwa sababu mama akijua atachukua funguo za gari, na baba zangu wadogo watasema amezeeka. Nikaapa. Nilikuwa naogopa na nilimwonea huruma.

Sasa linakuja jambo lenyewe. Baba anataka kuuza gari letu la zamani na kununua jingine, na kuna wakala anatoka Kibondo, nitamwita Evaristi ingawa si jina lake, ambaye huwaletea watu magari kutoka Dar. Alikuja na gari la mteja wake mwingine kutuonyesha, akasema la kwetu anaweza kulileta la kawaida, au tukiongeza hela alilete lenye mtambo wa kujipaki lenyewe. Alilipeleka uani kwenye nyumba ya wageni, akabonyeza kitufe, akaachia mikono, usukani ukazunguka kama umeshikwa na jini, gari likaingia katikati ya magari mawili bila kugusa hata vumbi. Alituonyesha vijicho vidogo vilivyopangwa kwenye bampa, akasema hivyo ndivyo vinavyoona. Baba alicheka kama mtoto. Evaristi akamwambia, "Mzee, hili hata ukifumba macho linakupeleka nyumbani," na baba akageuka akanitazama mimi, na nilijua anachofikiri.

Nikajikaza nikasema kwa sauti ndogo, tungelijaribu kule dukani, kwenye zege. Evaristi akaniuliza nimesemaje, nikarudia, akacheka. "Binti, gari limetoka Japani lote hilo, wewe unataka kulipeleka mtaroni?" Wote wakacheka, na baba pia.

Halafu akatoa kitabu cha gari, kiko kwa Kiingereza, na baba akasema, "Haya msomi wangu, soma uniambie kama hicho kitu cha kujipaki kinafaa kuongezwa. Ukisema kinafaa, naongeza." Nikasoma nikawa natafsiri. Nikafika mahali kimeandika kwamba mtambo unaweza usione shimo, mtaro, kitu chembamba, wala mtu au mnyama anayepita ghafla, na kwamba dereva lazima atazame pande zote kwa macho yake mwenyewe. Evaristi alikuwa ananitazama, baba alikuwa ananitazama kwa lile jicho lake zima, na mimi nikaruka. Nikaendelea na ukurasa mwingine, na mwishoni nikasema, "Kinafaa."

Nimejiuliza kwa nini niliruka. Niliona nikisoma ile sentensi ni kama nimetangaza jicho la baba mbele ya mgeni. Na nitasema ukweli wote, niliona pia gari likijipaki lenyewe mimi sitasimama tena nyuma ya gari, na hakuna atakayeniita Mlingoti.

Evaristi atarudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu. Baba amekuwa na furaha mno, anasema gari likishaona yeye ataanza tena safari za Kagerankanda na Heru Juu alizokuwa amepunguza. Shangazi, njia ya Heru Juu naijua, asubuhi watoto wa shule wanatembea upande wa kushoto wa barabara, wamepangana wawili wawili, na binamu zangu wawili wamo.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani, na kumkasirikia baba ni dhambi. Nisaidie, je, mtambo huo unafaa kuongezwa kwenye gari au haufai? Na kiapo nilichoapa nifanye nacho nini? Ila naomba ujibu kwa kuficha ficha, kwa sababu kila Jumamosi mimi ndiye ninayemsomea baba gazeti, herufi siku hizi zinamsumbua, na ukurasa wako ndio anaoupenda kuliko yote.

Ni mimi, Mlingoti, Kasulu.

*

Marahaba, binti yangu. Sitakuita Mlingoti, na atakayekuita hivyo tena mpelekee ukurasa huu. Nimeficha duka lenu, na nimebadilisha jina la bibi na biashara anayoifanya. Lakini kuficha ficha ulikoniomba, sitafanya. Nyumba yenu imeficha vya kutosha.

Nianze na ulichoniuliza kwanza, maana ni swali zuri na wakala alipaswa kukujibu badala ya kukucheka. Mtambo wa kujipaki si uongo. Mtu mwenye macho mazima, anayeishi mahali penye maegesho yaliyochorwa mistari na magari yamepangwa pembeni, na hela ya ziada anayo, aongeze, utamrahisishia maisha. Nyie mna zege jembamba juu ya mtaro. Vile vijicho vya bampa hutafuta kitu kilichosimama, kama ukuta au gari jingine. Mtaro haukusimama, na kitabu chenyewe kimewaambia. Hapo mnachohitaji ni kamera ya nyuma, tena ya kawaida, na mtu nyuma ya gari ambaye akigonga anasikilizwa.

Yule Evaristi wako akirudi, mwambie alipeleke gari kwenye zege lenu, abonyeze kitufe, aachie mikono. Mwambie mbele ya watu. Akikubali, mtaona wenyewe. Akianza kucheka, mmeshapata jibu na hela yenu bado iko mfukoni. Mtu anayemwambia mzee kwamba gari litamfikisha nyumbani amefumba macho ni mtu wa kuogopwa, hata kama anavaa vizuri.

Sasa wewe. Uligonga mara mbili, nakuamini, na bibi alisikia. Ulionewa hadharani na waliojua ukweli wakanyamaza, baba yako kwa aibu yake na bibi kwa sababu ya mahali pake pa kuuzia. Hasira yako ni ya haki, na kumkasirikia mzazi aliyekudhulumu si dhambi. Dhambi ni kumvunjia heshima, na hujamvunjia. Lakini niruhusu nikugombeze kidogo. Kwenye zege ulifanya kazi yako sawasawa. Kwenye kitabu hukufanya. Uliona hatari kwa macho yako mawili ukasema "kinafaa", na mtu mzima akakuamini. Usiniambie wewe ni mpole. Aibu yako imekaa upande mmoja wa mzani, upande wa pili wamekaa watoto wa Heru Juu na mifuko yao ya madaftari, na hao binamu zako unawajua kwa majina.

Kuhusu kiapo, nenda kwa imamu wenu akueleze, ila mimi nijuavyo kiapo cha kuficha madhara hakikulazimishi kungoja mpaka mtu aumie. Utalisha maskini, au ukishindwa utafunga siku tatu, kama atakavyokuelekeza. Kiapo kina kafara yake. Mguu wa mtoto hauna.

Mwambie mama yako leo. Usingoje mwisho wa mwezi. Akichukua funguo, azichukue.

Hapa tafadhali punguza mwendo, maana nazungumza na anayekusikiliza. Baba yake, asalaam alaikum. Najua umekaa kwenye kiti chako dukani na binti yako ameshika gazeti anakusomea. Usimwambie anyamaze. Mwaka mzima umeendesha gari kwa jicho moja, na ulipogongewa usimame uliliamini jicho bovu kuliko mkono wa mtoto wako. Ukungu wa namna hiyo mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa, watu wanafanyiwa kila siku na wanarudi kusoma herufi ndogo. Lakini si mimi wa kukupima. Hiyo hela ya kuongezea mtambo ipeleke kliniki ya macho wiki hii, na funguo zikae kwa mama mpaka daktari aseme. Hakuna ndugu atakayekucheka kwa kutibiwa. Watakucheka kwa kuingia mtaroni na gari jipya.

Kisha kuna deni ambalo halilipwi kwa meza ya kununua. Ulimtukana mtoto wako mbele ya wateja na vijana wa bodaboda. Simama palepale, wakiwepo walewale, useme alikuwa amegonga. Maneno hayo ni machache mno kwa mtu mwenye sauti kama yako.

Binti, nimebakiza kitu kimoja. Ile sentensi uliyoiruka kwenye kitabu naiandika hapa kwa Kiswahili, ili safari hii isomwe dukani kwa sauti ya kusikika mpaka mtaroni: dereva lazima atazame pande zote kwa macho yake mwenyewe.

Isome mara mbili. Baba yako anajua maana yake.

Shangazi Kuruthumu