Ploti Ambayo Sikuulizwa

Alhamisi, Kitengela. Jua limewaka tangu asubuhi kama lina kesi na mtu, na upepo umepeleka vumbi mpaka ndani ya kabati la vyombo. Nimeosha sufuria ile ile mara mbili. Nimekasirika. Naandika hivyo mapema ili atakayesoma asije akasema sikumwonya.

Tumetoka Kajiado leo mchana, mimi na mume wangu, Baba Neema. Tulienda mbele ya bodi ya ardhi kwa ajili ya ploti anayotaka tununue. Anayotaka yeye. Mimi tangu mwanzo nilisema siitaki, lakini katika nyumba yetu maneno yangu kuhusu ploti huchukuliwa kama habari za hali ya hewa. Yanasikika, yanaitikiwa, kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Wacha nieleze tunavyoishi. Tumepanga hapa Kitengela tangu Neema hajazaliwa, na sasa Neema ana miaka kumi. Maji ya kisima cha hapa kwetu yana chumvi. Sabuni haitoi povu. Birika limeota ukoko mweupe ndani, naukwangua kwa kisu. Meno ya mtoto wangu yameingia rangi ya kahawia, na daktari wa meno alituambia waziwazi kwamba ni haya maji, na kwamba hakuna dawa ya meno itakayoyarudisha. Siku hizi ya kunywa tunanunua, lakini tumechelewa. Neema ameanza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Kwa hivyo tulipoanza kutafuta mahali pa kununua, nilikuwa na swali moja. Maji yako wapi, na yakoje? Mengine yote niliona yangefuata nyuma ya hilo.

Karibu mwaka mzima nimezungushwa na wauzaji wa ploti, na kama kuna watu wanaojua kuuza nyasi ni hao. Watakupeleka baada ya mvua, wakati kila mahali ni kijani na swala wamesimama wamependeza. Watakununulia soda. Watakuambia ni dakika tano kutoka kwenye lami, na wewe utajiuliza wao wanasafiri na chombo gani, kwa maana dakika ishirini zimepita na bado gari linarukaruka kwenye mawe. Maji yapo, wanasema. Ukiuliza yapo wapi, wananyoosha mkono kuelekea upande fulani ambapo kuna mti.

Nimejifunza kwa hasira. Usiende baada ya mvua, nenda Februari, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Halafu mvua ikinyesha rudi tena, uone kama ule udongo mweusi utakurudishia gumboot yako. Usimuulize muuzaji kitu. Waulize wanawake wanaoanika nguo.

Hivyo ndivyo nilivyopapata Kisaju. Nilienda peke yangu siku ya likizo, nikashuka barabarani, nikaingia ndani kidogo kwenye mtaa mmoja mdogo ambao bado unajengwa. Nilimkuta mama mmoja anafua nje. Nikamwambia ukweli, kwamba natafuta ploti na nimechoka kudanganywa. Akanifungulia bomba bila maneno mengi. Nikaonja. Maji yalikuwa maji. Akanipa kipande cha sabuni ninawe, na povu likapanda mpaka kwenye viganja. Nilisimama pale kwa bomba la mtu nisiyemjua, nikiangalia povu mikononi, na karibu nilie. Shule iko hapo hapo. Barabara inaonekana. Usiku kuna taa.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Baba Neema akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ploti yenyewe ni kubwa kiasi gani. Futi hamsini kwa mia, nikamwambia. Akasema hiyo ni ploti ya kufuga kuku.

Hapo ndipo ningeanza kugombana. Sikugombana.

Yeye alikuwa amepata nyingine, kubwa, kwa bei hiyo hiyo, kupita Isinya kuelekea Kajiado, na tena ndani kabisa. Nusu ekari. Alilitamka hilo neno, nusu ekari, kama vile mtu anavyotaja jina la mchumba. Sisi ni watu wa Bungoma, na kwetu mwanaume hupimwa kwa shamba. Ukienda matangani useme umenunua hamsini kwa mia, watakuuliza kama ni mahali pa kuegesha baiskeli. Naelewa hilo. Nimezaliwa huko, nimeolewa huko. Anataka siku moja asimame mbele ya ndugu zake aseme ana nusu ekari Umasaini, na pengine ng'ombe wawili.

Ng'ombe watakunywa nini? Niliuliza. Akasema tutachimba kisima. Jirani wa karibu alichimba, akapata maji ambayo hata ng'ombe wanayanusa kwanza. Huko wanategemea silanga, lile dimbwi la kuchimbwa la kukusanya maji ya mvua, ambalo mbuzi wanaingia na miguu, na wakati wa kiangazi unangoja lori la maji likikumbuka kupita.

Lakini ninachoshindwa kumeza si ng'ombe. Ni kile alichosema siku hiyo, kwa upole kabisa, kama mtu anayemtuliza mtoto. Alisema nisijisumbue sana na mambo ya maji na mtaa, kwa sababu hapa si nyumbani. Hapa ni kazini. Ploti ni ya kungoja ipande bei. Nyumbani ni Bungoma.

Nyumbani Bungoma tuna nyumba. Ina paa jekundu, ina vigae, ina choo cha ndani. Ufunguo anao mama mkwe. Tunalala humo wiki ya Krismasi na wakati kuna msiba, na siku nyingine zote wanalala popo. Mapazia niliyashona mwenyewe na sijayaona yakipigwa na jua la Machi. Nyumba ile imejengwa ili jeneza lipate mahali pa kusimama mbele yake na watu waseme, kweli huyu alikuwa na boma. Nyumba nzuri inangoja tufe. Na tukiwa hai tukae popote, tufulie chumvi.

Mimi sitafuti mahali pa kuzikwa. Natafuta mahali pa kufua nguo.

Nafundisha hapa. Nimebakisha miaka mingi kabla ya kustaafu. Neema atamaliza utoto wake wote hapa, mahali ambapo baba yake anapaita kazini. Mtoto hana kazi. Mtoto ana nyumbani tu.

Sasa nije kwa leo. Baba Neema na yule Mzee anayeuza walikuwa wameshaandikiana mkataba kwa wakili, malipo ya kwanza yametolewa, imebaki bodi itoe kibali. Tukaenda. Watu wamejaa kwenye mabenchi nje, familia nzima nzima, wazee na fimbo zao, wake zao, watoto wakubwa. Mimi nilikaa karibu na mke wa Mzee. Ni mama wa makamo, mkubwa kwangu kidogo, shanga shingoni na kitambulisho amekishika mkononi. Nikamwamkia takwenya, akaitikia iko, na hapo Kimaa changu kikawa kimekwisha. Tukahamia Kiswahili. Aliniuliza nina watoto wangapi. Kisha akaniuliza, tukihamia kule, nitawapa maji gani.

Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.

Tulipoitwa ndani, afisa akamuuliza Mzee kama anauza kwa hiari yake. Akasema ndiyo. Akamuuliza Baba Neema kama ndiye mnunuzi. Akasema ndiyo, akanyoosha tai. Halafu afisa akamgeukia mama, kwa kuwa ardhi ya familia haiuzwi hadi mke wa anayeuza aseme kwa kinywa chake kwamba amekubali. Nilidhani ni jambo la kupita tu. Nadhani hata Mzee alidhani hivyo, kwa sababu alikuwa ameanza kuinuka.

Mama aligeuzageuza kitambulisho mkononi. Mzee akakohoa. Kijana mmoja wa ofisi akataka kumtafsiria, mama akamzuia kwa kiganja.

"Mimi sijakubali," akasema. "Huyu ameuza ya kule, nikanyamaza. Ameuza ya barabarani, nikanyamaza. Hii ndiyo njia yetu ya kwenda silanga. Hawa wakiweka fensi, mbuzi zangu zitapita wapi?"

Hakupandisha sauti. Hakumwangalia mume wake. Afisa akafunga faili, akasema mama akikataa hakuna kibali, warudi wakaelewane nyumbani na pesa ya watu irudishwe, na akaita wafuatao.

Nilibaki nimekaa. Hawa wakiweka fensi. Hawa ni sisi. Wakati mimi nalia kuhusu povu la sabuni, jina la mume wangu lilikuwa tayari kwenye karatasi ya kuziba njia ya mwanamke mwingine ya maji, na nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri kwenda kushuhudia. Niliona haya. Halafu haya yakageuka hasira, na hasira imekaa nami mpaka sasa hivi.

Nje nilitaka kumshika mkono yule mama lakini alikuwa ameshaondoka, anatembea mbele, na Mzee anamfuata nyuma akisema maneno ambayo sikuyaelewa. Sijui amekutana na nini alipofika kwake. Nimemfikiria jioni yote.

Kwenye gari Baba Neema alilalamika mpaka tukatoka mjini. Mwanamke mmoja amevunja kazi ya miezi. Hata hatujafika Isinya akawa ameshampigia simu dalali, na dalali akamwambia kuna nyingine, nyuma ya ile ile, ya ndugu yake Mzee, na huyo mke wake hana shida. Hana shida. Hivyo ndivyo wanavyochagua ardhi sasa, wanatafuta mahali ambapo mke hana shida.

Nikamwambia, "Mimi pia sijakubali."

Akacheka. "Na wewe nani amekuuliza?"

Naomba nieleweke. Hakusema kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyesikia utani mtamu, akaongeza sauti ya redio, na akaniuliza kama nataka tusimame ninunue vitunguu. Ni mume mwema. Hanipigi, halewi, karo analipa. Laiti angesema kwa ubaya, ningejua pa kumshika. Lakini alisema ukweli tu. Hakuna aliyeniuliza. Sheria inamuuliza mke wa anayeuza. Mke wa anayenunua haulizwi na mtu, inadhaniwa anafurahi.

Sikununua vitunguu.

Jioni, tukila, Neema ameuliza kama nyumba mpya itakuwa na maji matamu. Baba yake akasema itakuwa na uwanja mkubwa wa kuchezea. Mtoto akanitazama mimi. Mtoto wa miaka kumi anajua swali lake limerukwa, sembuse mimi.

Sasa Baba Neema yuko sebuleni anatazama habari, na mimi niko hapa mezani kwa daftari za wanafunzi ambazo sijasahihisha hata moja. Nimekuwa nikifikiria jambo ambalo ningepaswa kulifikiria zamani. Pesa nyingi ya ploti, iwe ile ya Mzee au hii ya ndugu yake, inatoka kwenye mkopo wa sacco yetu ya walimu. Mkopo uko kwa jina langu. Kesho ndiyo siku ya mimi kwenda kutia sahihi, na tangu nilipojaza maombi nimekuwa nikiuita mkopo wetu, ploti yetu, mpango wetu, kwa adabu, wakati sahihi ni yangu na mshahara utakaokatwa ni wangu.

Yule mama wa Kajiado alikuwa na fimbo ya sheria nyuma yake, na bado alihitaji moyo kusema vile mbele ya mume wake na wageni. Mimi nina kalamu, na nimekuwa nikiikopesha.

Naogopa, sitasema uongo. Naogopa simu ya mama mkwe, naogopa maneno ya Krismasi, naogopa kile kimya cha mwanaume ambaye hajawahi kukataliwa na mke wake. Inawezekana Kisaju nayo tukaikosa, tukabaki hapa na birika letu.

Nitaenda sebuleni kabla hajazima televisheni. Nitamuuliza, Baba Neema, sisi tutaishi wapi? Nitamuuliza kwa utaratibu, na nitangoja ajibu, kwa sababu mtu akiulizwa inambidi afikirie. Akinijibu tutaongea mpaka tuelewane. Asipojibu, kesho nitaenda sacco, nisimame mbele ya karani, na niseme hapana kwa sauti, hata kama hajaniuliza.